Somo: Jipu la ubongo au saratani? Isome DWI pamoja na ADC

Wenzangu wa Ligula, Ndanda na Lindi, leo tunasoma duara kwenye picha ya MRI ya ubongo. Mgonjwa katoka Masasi: kichwa kinamuuma wiki ya pili, sikio linatoa usaha, mkono umelegea. Homa hana, na isikupumbaze. Wenye homa, kichwa na udhaifu wa upande mmoja kwa pamoja ni wachache. Picha yenye kontrasti (dawa ya mshipani ya kung'arisha picha) inaonyesha duara lililong'aa ukingoni. Jipu hutoa duara hilo, na saratani iliyooza katikati hutoa lilelile.

Kwanza, hakikisha DWI (picha ya MRI ya mwendo wa maji) imepigwa kwa b 0 na b 1000 (viwango vya nguvu ya kipimo hicho), na ramani ya ADC (inayoonyesha mwendo huo kwa namba) imetoka. Ni dakika chache, bila kontrasti.

Pili, tazama ndani ya duara, achana na ukingo. DWI hupima maji yanavyotembea. Usaha ni mzito, umejaa seli, bakteria na protini. Maji humo hukwama kama mguu kwenye tope la mikoko Mikindani bahari ikipwa. Kwa hiyo jipu huwaka jeupe. Saratani iliyooza kwa kawaida ina majimaji mepesi ndani, hubaki nyeusi.

Tatu, hapa ndipo tunapojikwaa (nami nimo): fungua ADC. Usaha uwe mweusi huko, kwa kawaida chini ya 1 × 10⁻³ mm²/s. Maji ya ubongo hukaribia 3. Kukiwa kweupe kotekote, DWI na ADC, ni mwanga wa T2 (picha ya MRI ambamo majimaji hung'aa) unaopenya, usaha haujathibitika. Damu nayo hudanganya, hivyo pitia picha za kutafuta damu kabla ya kuandika ripoti.

Swali: Shikamoo dokta. Ndani kukiwa kweusi kwenye DWI, nifute uwezekano wa jipu?
Jibu: Marahaba. Usifute. Toksoplasma (kimelea cha ubongo) mara nyingi haiwaki, TB haitabiriki, na jipu lililokwisha kupata dawa hufifia. Pima VVU.

Swali: Nitoe maji ya uti wa mgongo?
Jibu: Hapana jamani! Ubongo uliosukumwa unaweza kushuka ukamuua. Daktari wa upasuaji avute usaha kwa sindano, uoteshwe maabara.

Swali: Kwetu kuna CT tu, kaka.
Jibu: CT itakupa duara, haitakuambia la nini. Kagua masikio, meno, sinasi (mianya ya hewa kuzunguka pua) na moyo, chukua damu ya kuotesha, kisha mpigie daktari wa upasuaji siku hiyohiyo.

Swali: Na baada ya dawa?
Jibu: ADC hupanda usaha ukipungua. Ikishuka tena, shuku jipu limerudi.