Gobore Lako Linapiga Pembeni? Weka Tupa Chini Kwanza

Mzee mmoja wa Kongwa alinijia mwaka juzi na bastola ya baruti iliyofungwa kwenye kanga kuukuu. Ni ile ya muundo wa Colt wa mwaka 1860, nakala iliyotengenezwa Italia, na vibali vyake vyote vilikuwa ndani ya bahasha ya kaki. "Fundi," akaniambia, "hii kitu inapiga juu. Nikaipunguza nundu ya mbele, ikazidi kwenda juu. Nikapunguza tena. Sasa hata boksi la shabaha siligusi." Nikaigeuza mkononi. Nundu ya mbele ilikuwa imebaki kama punje ya uwele.

Mzee wangu huyu si mzembe. Alifanya kile ambacho karibu kila mwenye gobore hapa Dodoma angefanya, kwa sababu akili inasema kinachokwenda juu kipunguzwe. Chuma kilichokwisha kupita chini ya tupa hakirudi, na ndiyo maana naandika haya. Nimetengeneza magobore kwa leseni miaka mingi. Kati ya kumi yanayoletwa kwangu kwa sababu "hayalengi", machache sana yana kosa kwenye nundu au pengo. Mengine yana mtutu mchafu, skrubu iliyolegea, au mpigaji anayebadilisha kipimo cha baruti kila anaposhindilia. Hapo ukipiga tupa unaharibu kitu kizima ili kufuata kitu kibovu.

Tuelewane kwenye majina. Nundu ni kile kidude cha mbele, karibu na mdomo wa mtutu. Pengo ni mkato wa nyuma unaotazamia. Kanuni ni moja, ishike kichwani: nundu hulifuata kosa, pengo hulikimbia kosa. Risasi zikienda kushoto, nundu isogezwe kushoto, au pengo lisogezwe kulia. Risasi zikienda chini, nundu ishushwe, yaani ipunguzwe. Zikienda juu, nundu ipandishwe. Mzee wa Kongwa alitakiwa kuongeza, yeye akapunguza.

Hatua ya 1: Karatasi, halafu mdeki

Gobore ni silaha kamili mbele ya sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015, hata kama babu yako alilitumia kulinda mtama tangu ukiwa mtoto. Kama halina leseni, safari yako ya kwanza ni kituo cha polisi, si kwa fundi. Na majaribio ninayoeleza hapa yanafanyika kwenye uwanja wa shabaha wenye kibali, wenye tuta la udongo nyuma. Shambani kwako hapafai, hata pakiwa peupe.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha silaha haina kitu ndani. Toa fataki kwanza, yaani kile kikofia kidogo kinachowasha baruti. Kisha chukua mdeki, ule ufito wa kushindilia, uutumbukize mtutuni taratibu mpaka ugote, uweke alama ya kidole pale mdomoni. Uchomoe, uulaze nje sambamba na mtutu. Ncha yake ifike mpaka nyuma, usawa wa tundu la fataki. Ikiishia vidole vitatu au vinne kabla ya hapo, kuna mzigo ndani. Mdeki wangu nimeuchora mistari miwili kwa msumeno, mmoja wa mtutu mtupu na mmoja wa mtutu uliojaa. Nimewahi kupokea gobore nikaambiwa "liko tupu, fundi, halijapigwa tangu masika", na mdeki ukaishia kwenye mstari wa pili. Kwa bastola, toa silinda kabisa, uitazame vyumba vyote sita dhidi ya mwanga.

Hatua ya 2: Tafuta kinacholegea

Shika mtutu kwa mkono mmoja na kitako kwa mwingine, ujaribu kuvitikisa. Ukisikia hata mlio mdogo, hapo ndipo penye kosa lako. Kaza skrubu. Kama mtutu umefungwa kwa waya, funga upya. Kiangazi chetu hukausha mbao mpaka zikasinyaa, na gobore lililokuwa imara mwezi wa tatu huwa linacheza mwezi wa tisa.

Bastola za Colt zina jambo lao. Mtutu umeshikwa na kabari moja tu inayopita ubavuni. Ukiigonga leo kwa nguvu na kesho ukaisukuma kwa kidole, mtutu unakaa tofauti na risasi zinatua tofauti. Isukume kila mara mpaka alama ileile. Tena pengo la nyuma limechongwa kichwani mwa nyundo yenyewe, halionekani mpaka uvute nyundo nyuma. Nyundo ikiwa na mchezo wa kushoto na kulia, pengo nalo linacheza. Hakuna tupa itakayotibu hilo. Remington za muundo wa 1858 zina kiunzi kizima kinachopita juu ya silinda, na pengo lake ni mfuo kwenye kiunzi hicho. Pengo hilo haliondoki mahali, na mimi nazipenda Remington zaidi kwa sababu hiyo.

Hatua ya 3: Kila mzigo uwe sawa na mwenzake

Tumia kipimo kimoja cha baruti, kisichozidi kilichoandikwa na mtengenezaji. Iwe baruti nyeusi iliyonunuliwa kihalali. Baruti isiyo na moshi ya bunduki za kisasa haiingii humu hata chembe, itapasua mtutu usoni kwako.

Risasi iwe ya madini laini ya risasi. Madini yaliyotolewa kwenye betri za magari ni magumu, hayakai vizuri, na mvuke wake wakati wa kuyeyusha ni sumu. Kwa gobore, risasi ipite kwa kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta. Mimi huchanganya mafuta ya kondoo na nta ya nyuki, na nta nzuri hatuikosi kwa kuwa Manyoni na Singida wako jirani. Usitumie grisi ya gari. Ikiungua pamoja na baruti inaacha utando kama lami.

Shindilia mpaka risasi ikae kabisa juu ya baruti, kila mara kwa nguvu ileile. Kwa bastola, paka mchanganyiko huohuo juu ya kila risasi kwenye silinda. Unasaidia kuzuia moto kuruka chumba hadi chumba, na unalainisha masizi.

Hatua ya 4: Piga tano, usiguse kitu

Hapa ndipo wengi tunaposhindwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nenda asubuhi mapema. Kuanzia mwezi wa sita upepo wa Dodoma huamka kadiri jua linavyopanda, na kufika saa tano vumbi jekundu linakuingia machoni. Weka boksi mita 20 kwa bastola, mita 30 kwa gobore. Gobore la mtutu laini, usilitegemee kwa usahihi kupita mita 50 hivi, kwa hiyo hakuna maana ya kulisumbua mbali. Jaza mchanga kwenye mfuko wa sandarusi, uuweke juu ya meza, na ulaze mkono wako juu yake. Mkono, si mtutu. Mtutu ukilala juu ya kitu kigumu unaruka, na risasi inakwenda juu bila kosa la nundu.

Paka nundu masizi ya kibatari. Jua la pembeni linadanganya sana. Likikupiga kutoka kushoto, jicho linauona ubavu wa kushoto unaong'aa na kudhani ndio nundu nzima, na risasi zako zinahamia kulia. Kijana mmoja aliniletea gobore linalopiga kulia asubuhi na kushoto jioni, mahali palepale, ameketi vilevile. Silaha yake ilikuwa nzima kabisa. Masizi ya kibatari yakatosha.

Halafu piga. Baada ya kila risasi pitisha kitambaa chenye unyevu mtutuni, kisha kikavu. Kwenye nchi zenye unyevu masizi ya baruti hubaki laini, lakini kwenye hewa kavu ya kwetu yanakauka na kuwa gamba gumu. Usipofuta, risasi ya nne haipiti njia iliyopita ya kwanza.

Piga tano zote kwenye doa moja. Ya kwanza ikienda kushoto, usijirekebishe kwa kulenga kulia. Endelea kulenga katikati kana kwamba hujaona. Ukimaliza, nenda kwenye boksi utazame matundu. Yakiwa yamekusanyika, hata kama yako mbali na doa, furahi, silaha ina tabia na inaweza kurekebishwa. Yakiwa yametawanyika kama mahindi yaliyomwagika, rudi hatua ya 2 na ya 3. Tupa ikae kwenye mfuko.

Kwa magobore yasiyo na pengo la nyuma, na ni mengi, jicho lako ndilo pengo. Ukiinua shavu milimita 2 tu, na nundu iko mita 1 mbele ya jicho, risasi inapanda sentimita 6 kwenye mita 30. Bandika kipande cha ngozi kwenye kitako, shavu likaguse palepale kila siku. Wengine wamemaliza tatizo lao hapo.

Hatua ya 5: Piga hesabu

Pima kutoka doa la shabaha hadi katikati ya mkusanyiko wa matundu. Hilo ndilo kosa. Lizidishe kwa umbali kati ya pengo na nundu, ugawe kwa umbali wa shabaha, vyote kwa milimita.

Bastola ya mzee wa Kongwa ilipiga juu sentimita 32 kwenye mita 20. Kati ya pengo na nundu kulikuwa na sentimita 26. Kwa hiyo 320 mara 260, gawa kwa 20,000, unapata milimita 4.16. Nundu ilihitaji kupandishwa milimita 4 na kidogo. Bastola hizi za Colt zinajulikana kwa kupiga juu kwenye umbali mfupi, lakini angeniletea kabla ya kupiga tupa, ingehitaji milimita 2.6 tu.

Hatua ya 6: Kushoto na kulia kwanza

Kama nundu imechomekwa kwenye mfereji, ifunge silaha kwenye jiriwa lenye vipande vya mbao laini. Chora mstari mwembamba wa penseli unaovuka nundu na mtutu, kisha gonga nundu kwa kipande cha shaba, taratibu, ukitazama mistari miwili ikiachana. Ukigonga kwa chuma kitupu utaitia makovu. Kama nundu imechomelewa na haisogei, sogeza pengo, au panua pengo kwa tupa nyembamba upande unaotakiwa. Kupinda mtutu nimeona watu wakifanya, kwenye uma wa mti. Naomba usifanye.

Hatua ya 7: Juu na chini

Risasi zikienda chini, sasa ndiyo zamu ya tupa. Tumia tupa laini, uhesabu mapigo: matano, pima kwa vernia, piga risasi tano. Matano tena. Usitafute milimita 1 kwa mkupuo mmoja. Zikibakia sentimita 2 chini ya doa, acha, safisha silaha, rudi siku nyingine ujaribu ukiwa umepumzika. Mara nyingi utakuta hizo sentimita 2 zilikuwa bega lako lililochoka.

Zikienda juu, kata kipande cha kadi ya plastiki, kigundishe kwa supagluu ubavuni mwa nundu kikiwa kirefu kuliko hesabu yako, kisha kipunguze kwa wembe mpaka risasi zitue kwenye doa. Kikikosewa unakibandua na kukata kingine. Ukiridhika, pima urefu wake, ndipo uchonge cha shaba na kukishika kwa lehemu. Lehemu, si kuchomelea kwa umeme. Karakana moja ilichomelea nundu ya gobore la jirani yangu kwa umeme, chuma cha mtutu kikaungua kwa ndani, na gobore lile halijapigwa tena.

Kwa mzee nilichonga shaba ya milimita 4.5, nikaipunguza yeye akiwa amekaa pembeni. Alasiri alipiga tano, zote zikafunikwa na kiganja chake. Akauliza, "Basi ni hiyo tu?" Nikamwambia ni hiyo tu, mzee wangu, ila kipimo chako cha baruti usikibadilishe, maana nundu hii imechongwa kwa kipimo hicho. Nikamwandikia kwenye kikaratasi: baruti kiasi gani, risasi kipenyo gani, kabari mpaka alama ipi. Amekiweka kwenye bahasha pamoja na leseni.

Hatua ya 8: Maji ya moto siku hiyohiyo

Masizi ya baruti nyeusi yananyonya unyevu na kula chuma. Mwaga maji ya moto mtutuni mpaka yatoke meupe, futa kwa vitambaa hadi cha mwisho kitoke kikavu na safi, kisha paka mafuta ya kondoo na nta. Kesho yake pitisha kitambaa cheupe tena. Kikitoka na rangi ya kutu, rudia yote, hata kama jana ulikuwa na hakika.