Mota inavuma? Usikimbilie kuisuka

Nilipoanza ufundi hapa Chake Chake, niliisuka upya mota ya pampu ya kisima, yaani kutoa waya wa zamani wa ndani na kuweka mpya, kwa sababu ya kelele tu. Nikairudisha, ikavuma vilevile. Kumbe mguu mmoja ulikuwa unaelea juu ya zege, na mimi waya wa watu nimeshaukata!

Hatua ya 1: Iwashe ishike kasi, kisha kata umeme usikilize. Kelele ikikatika papo hapo, ni ya sumaku: koili (waya uliosukwa), mabati ya stata (sehemu isiyozunguka), au rota (sehemu inayozunguka) iliyokaa upande. Ikiendelea na kushuka taratibu pamoja na mzunguko, tafuta kwenye beringi, feni au mizani ya rota. Umeme wetu ni wa hezi 50 na sumaku huvuta mara mbili kwa kila wimbi, kwa hiyo mvumo wake ni wa hezi 100. Sikio likishauzoea halikosei.

Hatua ya 2: Mota ikiwa imezimwa, legeza boliti moja ya mguu, upitishe fila geji (vibati vya kupimia mwanya mwembamba) chini yake. Ya milimita 0.05 ikipenya, pachika kipande cha bati, kaza, nenda mguu wa pili. Wapo wanaokata kopo la soda, maana unene wake ni karibu milimita 0.1, lakini hewa yetu ya chumvi hulila upesi. Tafuta bati la stenlesi.

Hatua ya 3: Ncha ya bisibisi refu kwenye nyumba ya beringi, mpini sikioni. Ukisikia mchanga unasagika, badilisha. Beringi mpya igonge kwa bomba linalokaa kwenye pete ya ndani, kamwe si ya nje.

Hatua ya 4: Ikibidi kusuka, hesabu kwanza, ndiyo ukate. Mota ya fezi tatu, sloti (mifereji ya waya kwenye stata) 24, poli (ncha za sumaku) 2: koili ya hatua kamili, yaani inayovuka poli nzima, hutoka sloti 1 hadi 13. Ukiikuta hivyo, isuke 1 hadi 11. Mawimbi ya tano na ya saba, yaani mawimbi madogo ya sumaku yanayojirudia mara tano na mara saba ndani ya wimbi kuu na kuongeza kelele, hupungua sana. Ila ongeza mizunguko ya waya kama asilimia 3.5, la sivyo mota itavuta umeme mwingi.

Vanishi, dawa ya kugandisha waya, ndipo wengi wanapolipua kazi. Pasha stata moto, mimina mpaka itokeze upande wa pili, igeuze, mimina tena, kisha ioke. Waya ukibaki na nafasi ya kucheza ndani ya sloti, utatetemeka mara 100 kwa sekunde mpaka uchubuke.