Kabla hujatoa hela, geuza risiva uangalie mgongoni

Mtu akiniambia ana laki nne anataka risiva ya hom thieta, ile mashine inayokuza sauti na kuigawa kwenye spika zote, swali langu la kwanza sio kampuni gani wala wati ngapi, namuuliza umeigeuza ukaona mgongoni? Maana kwa mbele zote zinang'aa tu, ukweli wote uko nyuma.

Anza na maandishi ya umeme, yako karibu na pale waya wa umeme unapotokea. Umeme wetu ni volti 230. Mashine iliyotumika Uingereza au Ulaya haina shida, ila ukikuta AC 100V hiyo ni ya Japani na 120V ni ya Marekani. Mimi niliwahi kununua ya Japani Kariakoo, muuzaji akaniambia we chomeka tu, nimefika nayo Tabata nimechomeka haikupita hata sekunde tano ikalia tap! harufu ya kuungua sebule nzima, fundi kaifungua transfoma imekwisha. Ile hela niliikusanya miezi, iliniuma mno. Kwa hiyo ukiipenda ya Japani, ingiza kwenye hesabu bei ya stepdauni, ile transfoma ya kushusha umeme, na iwe na uwezo unaozidi wati zilizoandikwa pale pale mgongoni.

Halafu cheki matundu ya spika. Hom thieta za boksi zile zinazokuja na spika zake nyingi zina plagi za plastiki za kwake mwenyewe, spika ikifa umekwama. Risiva yenyewe hasa ina vitasa vya kukaza au klipu za kubana waya uliochunwa, nyekundu na nyeusi, jozi tano kama ni 5.1, yaani spika tano na sabufa moja. Na hapo hapo imeandikwa ohm, yaani ukinzani wa spika inazoweza kuendesha, mara nyingi 6 au 8 kwenda juu. Ukiifungia spika za boksi za ohm 3 itachemka na kujizima ukiongeza sauti, sasa usije ukasema mbovu.

Sabufa ndo inawachanganya wengi. Lile tundu moja limeandikwa SUBWOOFER PRE OUT halitoi nguvu, linatoa sauti ndogo tu, kwa hiyo lazima sabufa iwe na amplifaya yake na ichomekwe ukutani. Kama nyumbani una ile sabufa ya kawaida yenye vispika viwili, usiiuze, chomoa vispika, toa waya kwenye pre out peleka kwenye AUX yake, itakupa besi wakati unajipanga.

Sasa kwenye HDMI ndo unaokoa hela. Watu wanalipia risiva mpya kisa HDMI ya zamani haipitishi picha ya 4K, wakati king'amuzi na vitu vyako vyote unaweza kuchomeka kwenye TV, picha ikaishia huko, halafu sauti ukaitoa kwa waya wa optiko, ule unaopitisha sauti kwa mwanga, kuja kwenye risiva. Optiko inabeba mifumo ya sauti ya muvi, Dolby Digital na DTS za 5.1, vizuri tu, haiwezi zile kubwa zaidi kama TrueHD, lakini kwa muvi za sebuleni inatosha kabisa. Ingia tu setingi za sauti za TV utoe PCM uweke bitstream, ili sauti ije kwenye risiva kama ilivyo, bila hivyo utapata sauti ya spika mbili. Ndo maana mimi nashauri Yamaha, Denon, Pioneer au Sony iliyotumika, ya miaka kumi na kitu huko, bei inakuwa imeshashuka na hela inayobaki unaiweka kwenye spika, kwa sababu spika ndo unazosikia.

Wati zisikutishe. Kutoka wati 50 kwenda 100 sauti inaongezeka desibeli 3 tu, kitu kidogo sana masikioni, na spika iliyoandikwa 90dB, yaani desibeli inazotoa kwa wati moja, ukilinganisha na ya 87dB inakupa hizo hizo 3 bure.

Dukani usikubali kuonyeshwa taa tu. Nenda na spika yako moja na waya. Ikiwashwa usikie tak ndani baada ya sekunde kadhaa, hiyo ni rilei, swichi ya ndani, inafungua spika, isipolia kuna tatizo. Ingia kwenye menyu weka test tone, ule mlio wa shhh unazunguka chaneli zote, hamisha spika yako tundu moja moja, zote tano zilie sawa. Zungusha kitasa cha sauti pole pole, ikikwaruza krr krr ni vumbi, inasafishika, lakini itumie kudai punguzo. Jaribu kila tundu la HDMI na la optiko. Rimoti idai, kwenye mashine nyingi setingi muhimu huzifikii bila hiyo. Acha ipige dakika ishirini uguse juu, vuguvugu sawa, ya kuchoma mkono achana nayo.

Na nyumbani na joto hili la Dar, juu yake pabaki wazi, king'amuzi kisikae pale, wala kile kitambaa cha kufuma.