Ndege adimu wa baharini kipindi cha kuhama: angalia kwanza anavyoruka, rangi baadae

Watu wengi wanakariri rangi kwenye kitabu alafu wakifika ufukweni ndege yuko mbali huko, jua linawapiga usoni na kila kinachoruka kinaonekana cheusi. Rangi iache mwisho.

Cha kwanza ni upepo. Ukivuma kutoka baharini kuja nchi kavu, hasa baada ya dhoruba, unawasogeza ndege ambao siku zingine wanapita mbali usingewaona kabisa, kwahiyo siku ya bahari shwari na jua kali we lala tu. Nenda alfajiri, kaa kwenye rasi, juu mita kadhaa ili mawimbi yasikufichie ndege, ila usipande sana maana ukimwangalia kutoka juu anapotelea kwenye rangi ya maji. Binokula ya 8x42 au 10x42 (namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita) inatosha kuanzia. Kama una teleskopu anza na ukuzaji mdogo, 20 au 30, ukizidisha unaishia kuona kipande kidogo cha bahari kinachotetema.

Alafu wajue wa kawaida, na hapa ndo watu wanakosea. Shakwe mchanga ana mabaka ya kahawia, hafanani kabisa na mzazi wake, na shakwe wale wakubwa wanachukua kama miaka minne kupata rangi za utu uzima, sasa piga hesabu ndege mmoja ana sura ngapi, bado hujamweka yule anayenyonyoka manyoya. Kaa na shakwe, buabua na mnandi mpaka uwachoke.

Sasa akipita usiyemjua, anapigaje mabawa? Shiawota (ndege wa bahari kuu mwenye mabawa marefu membamba) anapiga mara chache harakaharaka alafu anateleza mabawa yamekakamaa, anainama upande huu, anageukia ule, karibu aguse maji. Albatrosi naye hivyohivyo ila hana haraka, upepo ukiwepo anaenda muda mrefu bila kupiga bawa hata mara moja (yule mkubwa kuliko wote mabawa yakinyooshwa yanafika mita 3.5, yaani ni balaa). Skua, ndege wa baharini anayepora wenzake chakula, ana kifua kizito na weupe karibu na ncha za mabawa, na akianza kumkimbiza buabua mpaka amtapishe samaki, kitabu cha nini tena.

Petreli wadogo, ndege weusiweusi wa bahari kuu, ndo wanaotesa. Wa Wilson miguu yake inachomoza nyuma ya mkia, wa Leach mkia umegawanyika kama panda na anarukaruka akibadili mwelekeo ghafla, yule mdogo wa Ulaya ana mstari mweupe chini ya bawa. Ila angalizo, upepo ukiwa mkali kweli hata shakwe wa kawaida anateleza kama shiawota, na ukubwa usiuamini akiwa peke yake, subiri apitane na ndege unayemjua.

Hapo sasa rangi, na angalia sehemu nne tu: tumbo, chini ya bawa, juu ya bawa, na juu ya mkia. Shiawota anayeitwa kisayansi Ardenna grisea ni mweusi karibu mwili mzima lakini chini ya bawa anang'aa kama fedha. Shakwe wa Sabine ana pembetatu juu ya bawa, nyeusi, nyeupe na kijivu, ila kwa mbali kitiweki (aina nyingine ya shakwe) mchanga anaweza kukudanganya kwasababu naye ana mchoro mweusi wa zigizaga mgongoni na kwenye mabawa.

Kabla ya kufungua kitabu jirekodi kwenye simu, sema ulichoona na ambacho hukukiona, maana ukishaangalia picha kichwa kinaanza kujaza mapengo chenyewe. Kamera weka spidi ya shata 1/2000 ya sekunde upige mfululizo, picha mbovu kumi zinazoonyesha bawa likiwa juu na chini zina maana kuliko moja nzuri. Ukishindwa kabisa andika "skua, aina haijulikani", kwenye eBird (tovuti ya kuandikia ndege ulioona) hiyo ni rekodi inayokubalika na mimi naiamini kuliko jina kubwa lisilo na maelezo.