Jinsi ya kupima jeni za saratani ya kibofu kwenye mkojo bila kuharibu sampuli

Kama uko lab au unafanya project ya chuo na umeangukia mada hii ya jeni na saratani ya kibofu cha mkojo, soma kwanza kabla hujagusa mashine. Seli zetu zina jeni zilezile, tofauti ni zipi zimewashwa na kwa kiasi gani, na jeni ikiwashwa inatoa RNA, sasa seli za uvimbe wa kibofu zinabanduka zenyewe zinaingia kwenye mkojo na RNA zao humohumo, ndo maana kikombe kimoja cha mkojo kinaweza kukwambia mengi.

Mkojo wenyewe ndo wa kuulinda kuliko vyote. RNA haidumu, na kwa joto letu hili ndo kabisa, kwa hiyo ukiupokea usiuache mezani ukaenda kunywa chai. Kile kipimo cha kibofu cha mashine ya GeneXpert (ndiyo, hiyohiyo tunayopimia TB, katriji tu ni nyingine) kinataka mililita 4.5 ziingie kwenye dawa ya kuhifadhia ndani ya saa moja. Kama unafanya kwa mkono, zungusha mkojo kwenye sentrifuji taratibu, mwaga maji ya juu, baki na mashapo, toa RNA hapo.

Halafu hesabu, na naomba hapa utulie. Ct ni raundi ya PCR (njia ya kunakili jeni, kila raundi nakala zinakuwa mara mbili) ambayo mashine imeanza kuona kitu, ikiwa ndogo RNA ni nyingi. Tuseme kwa mgonjwa jeni unayoipima imetoka 24, mtu asiye na saratani 29, raundi tano hizo, ukikimbilia utasema mgonjwa anayo mara 32. Subiri kwanza! Angalia jeni ya kulinganishia, yaani inayowaka karibu kila seli na kukuonyesha seli ni nyingi kiasi gani, mfano ABL1, kwa mgonjwa 20 na kwa yule mwingine 22, yaani mgonjwa alikuwa na seli nyingi tu kwenye kikombe. 24 toa 20 ni 4, 29 toa 22 ni 7, tofauti ni raundi 3, jibu la kweli ni mara 8. Na ABL1 ikichelewa sana au isipotoka kabisa, hakuna jibu hapo, omba mkojo mwingine.

Jeni moja usiitegemee. Cxbladder, kipimo kingine cha mkojo cha New Zealand, inapima jeni za MDK, HOXA13, IGFBP5, CDC2, alafu ikaongeza CXCR2 ambayo kazi yake ni kutenganisha saratani na uvimbe wa maambukizi tu, na mi naona hiyo ndo ya kuijali zaidi huku kwetu, kwa sababu UTI zimejaa, na Kanda ya Ziwa na visiwani kuna kichocho, ambacho kinaleta pia saratani ya kibofu ya seli bapa, wakati vipimo hivi vimejengwa zaidi kwa ile aina inayowapata sana Wazungu. Kwa hiyo uliza kichocho, angalia mayai kwenye mkojo uleule, andika.

Majibu yakitoka negative na mtu anakojoa damu, bado aende akaangaliwe kibofu kwa kamera, tafadhali usimrudishe nyumbani. Na kwenye fomu weka Ct ya ABL1 pembeni ya jibu, daktari aone kama seli zilitosha.