Kuandaa na Kutunza Bahasha za Siku ya Kwanza

Bahasha ya siku ya kwanza ni ile iliyobandikwa stempu mpya na kugongwa muhuri wa posta wenye tarehe ileile stempu hiyo ilipotolewa. Chagua bahasha nyeupe ya karatasi ngumu. Stempu hukaa pembe ya juu kulia, kwa hiyo mchoro wako uweke kushoto, nao uongeze jambo ambalo stempu haikulisema: ikiwa stempu inaonyesha bendera, wewe chora umati uliokesha kuisubiri ipandishwe. Tia kadi nyembamba ndani kabla ya kwenda posta, kwa sababu bahasha tupu hubonyea na muhuri hutoka nusu. Mwombe karani kwa adabu agonge taratibu, ukingo wa duara uiguse stempu na tarehe isomeke vizuri, kisha uache wino ukauke.

Anayekusanya aanze na tukio moja. Mimi napendekeza Zanzibar: stempu za uhuru zilitolewa tarehe 10 Desemba 1963, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 stempu hizohizo zikapigwa chapa ya maneno "Jamhuri 1964", hivyo bahasha mbili zikiwekwa pamoja huonyesha jinsi dola ilivyogeuka kwa muda wa wiki chache tu. Kagua tarehe kwa kioo cha kukuzia, maana mihuri ya kughushi ipo.

Kwetu pwani adui mkubwa ni unyevu. Usigandishe bahasha kwa gundi wala kuifunika kwa plastiki ya PVC. Ishikize kwenye ukurasa wa albamu kwa vipembe vya karatasi vinavyobana kona zake, na albamu isimame wima kabatini penye hewa.