Jinsi ya kufanya vibao vya tahadhari vionekane mapema penye matengenezo ya barabara

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva aliye makini, kwenye lami kavu, huhitaji kama mita 60 hadi 70 tangu aone hatari hadi asimame. Lori lenye shehena au lami yenye maji huongeza umbali huo. Kibao kinachotambulika kikiwa mita 60 tu kimeshachelewa, na anayeumia ni kibarua aliyeinama kuziba shimo. Hatua hizi ni za kikosi kinachofanya kazi ya siku moja au mbili kwenye lami ya njia mbili nje ya mji, nchini Tanzania au kwingine tunakoendesha kushoto. Mkataba wako ukidai zaidi ya haya, fuata mkataba.

1. Chagua uso wa kibao. Pembetatu ya sentimita 90 kila upande inatosha penye mwendo wa 50. Barabara kuu ikipita magari ya 80, tumia ya sentimita 120. Stika ya kuakisi ya daraja la chini, yenye punje za kioo, ni rahisi bei lakini hufifia mapema. Tafuta ile ya prizimu, yaani yenye vipembe vidogo vinavyorudisha mwanga mwingi zaidi. Sababu kubwa ni malori na mabasi: dereva wake hukaa juu sana ya taa zake, na mwanga unaorudi huelekea kwenye taa kuliko machoni pake. Kibao kinachowaka vizuri mbele ya gari dogo kinaweza kuwa hafifu kwa lori, na lori ndilo linalochukua muda mrefu kusimama.

Bati la chuma huibwa likauzwe kama chuma chakavu. Plaiwudi ya milimita 12 iliyopakwa rangi hadi kingoni haina soko hilo.

2. Bandika stika. Futa uso kwa spiriti, uache ukauke. Vua karatasi ya nyuma kidogo kidogo huku ukisukuma kwa kipande cha mpira kutoka katikati kwenda pembeni. Kiputo kikibaki, kitoboe kwa pini na kukikandamiza. Usikichane kwa wembe, maana maji yataingia hapo.

3. Panga umbali. Kwa mwendo wa 80, kibao cha kwanza kiwe mita 300 kabla ya koni ya kwanza, cha pili mita 200, cha tatu mita 100. Fanya hivyo pande zote mbili za kazi, kwa sababu magari yanatoka kote.

Hapa ndipo vikosi vingi hukosea: wanapima mita vizuri, halafu hawaangalii dereva anaona nini. Kibao kisikae ndani ya kona wala nyuma ya kilima. Kisogeze nyuma, hata kama kitakuwa mita 400. Usikiweke chini ya mwembe saa sita mchana, kwani macho yanayotoka kwenye jua kali hayaoni kilicho kivulini. Kwenye barabara ya mashariki na magharibi, asubuhi na jioni jua humpiga dereva machoni huku uso wa kibao ukiwa upande wa giza. Hapo weka taa ya njano inayomulikamulika juu ya kibao cha kwanza.

Weka pia kibao pacha upande wa kulia. Anayemfuata lori hukiona cha kushoto kwa kuchelewa sana, lakini kile cha kulia hukiona akichungulia kabla ya kulipita. Na tipa lenu lisiegeshwe mbele ya kibao. Mpe mtu mmoja kazi ya kuwahamisha pia bodaboda na wauza matunda, maana magari yakipunguza mwendo tu, nao hujipanga.

4. Inua na ukandamize. Ukingo wa chini uwe angalau sentimita 30 juu ya lami. Penye nyasi ndefu fyeka, au kipandishe hadi mita moja. Kibao kisimame wima, kisilale nyuma kuangalia mawingu.

Kila unavyokipandisha ndivyo upepo wa malori unavyokiangusha kwa urahisi. Cha sentimita 90 kipe mifuko miwili ya mchanga ya kilo 15, yaani kama nusu ya ndoo ya lita 20 kwa kila mfuko. Cha sentimita 120 kina eneo karibu mara 1.8, kwa hiyo kipe minne. Mfuko ujae theluthi mbili tu ili ulale juu ya mguu, mbele na nyuma. Usitumie mawe kamwe: gari likigonga kibao, jiwe huruka, na lililosahaulika barabarani huua usiku.

5. Kagua kwa macho ya dereva. Mchana, pita na gari kwa mwendo wa kawaida, pande zote mbili. Usiku, simama mita 100 taa zikiwa zimepunguzwa. Huna gari? Shika tochi sikioni, karibu na jicho. Ukiishika kiunoni utadhani kibao kimekufa, kumbe mwanga unarudi kiunoni.

6. Safisha. Penye vumbi la changarawe, futa asubuhi na kabla ya magharibi kwa sifongo laini, maji na sabuni kidogo. Petroli, mchanga na steelwire huharibu stika. Garini, visafirishe vimesimama, vikitenganishwa kwa sponji; vikilazwa uso kwa uso huchubuana.

7. Weka na uondoe kwa mpangilio. Anza na kibao anachokutana nacho dereva kwanza, ukielekea kwenye kazi. Kuondoa ni kinyume: koni kwanza, kibao cha mbali mwisho. Kazi ikisimama na hakuna hatari iliyobaki, kifunike kwa turubai nzito nyeusi au ukiondoe siku hiyohiyo. Nailoni nyembamba hupitisha mwanga wa taa, na dereva aliyepunguza mwendo bure leo hatapunguza kesho mkiwa mmerudi.